Kadi ya Wi-Fi kwa Laptopu Kuukuu: Namna ya Kuipima

Kadi ya Wi-Fi iliyobuniwa kwa ajili ya laptopu ya miaka ya 1990 hupimwa kwanza kwa swali moja: mzigo umebebwa na nani? Mashine ya enzi hizo, yenye DOS au Windows 95, haikuwahi kusikia habari za WPA2, kinga ya Wi-Fi iliyokuja mwaka 2004. Kadi nyingi za kwanza za Wi-Fi ziliishia kwenye kinga ya awali, WEP, ambayo udhaifu wake ulianikwa mwaka 2001, na leo ruta nyingi haziipokei. Kadi nzuri basi huwa na kompyuta ndogo tumboni mwake, chipu kama ESP32 au bodi ya Raspberry Pi Pico W, inayoshughulikia nywila na mawimbi yenyewe. Kwa laptopu hujifanya kadi ya kawaida ya mtandao wa waya aina ya NE2000, ambayo draiva zake zimejaa tele. Kadi inayodai programu tatu mpya kabla ya kufungua ukurasa mmoja imemtwika mzigo mzee asiyeuweza.

Fundi wa Makongeni, mtaa wa Eastlands, Nairobi, uliojengwa kwa wafanyakazi wa reli, hakutani na laptopu za namna hiyo kila siku. Zinazofika kwenye meza za Eastlands kwa wingi ni mitumba ya miaka ya karibuni, na kwa hizo kazi ni kufungua mfuniko na kubadilisha kadi ya ndani. (Hata huko kuna vituko: baadhi ya ThinkPad hugoma kuwaka zikiona kadi ngeni na kuandika kosa 1802.) Kwa zile kuukuu, ubunifu wenyewe huanzia kwenye mwanya wa ubavuni, ule wa PCMCIA.

Hapo jicho litulie. Kadi ina upana wa milimita 54 na unene wa milimita 5, na kwenye ukingo wake kuna matundu 68 kwa safu mbili, kila tundu likiwa milimita 1.27 kutoka kwa jirani yake. Ndani ya mwanya pini hazilingani urefu. Za umeme ndizo ndefu zaidi na zile mbili za kutambua kadi ndizo fupi kuliko zote, ili umeme utangulie na salamu ije mwisho. Kichwa cha matundu kikiungwa upogo hata kidogo, mpangilio huo huvurugika, na pini ikipinda, kupata mwanya wa kubadilisha ni shida tupu. Kadi iingie kwa msukumo wa kidole gumba. Ikidai nguvu ya kiganja, itolewe.

Solda huangaliwa kwa lenzi. Wengi hutafuta mng'aro, lakini mng'aro hudanganya, kwa kuwa solda isiyo na risasi hupoa ikiwa imefifia hata kama imeshika barabara. Kinachotazamwa ni umbo: solda iwe imepanda kwenye mguu wa chipu kwa mteremko laini, isikae kama tone la nta, wala isiunganishe miguu miwili iliyo jirani.

Umeme ndio unaoziangusha kadi nyingi. Mwanya wa zamani hutoa volti 5 na chipu hutaka 3.3, na kila kadi inaporusha mawimbi hunyonya umeme mwingi kwa kishindo. Kama kapasita ni ndogo au zimewekwa mbali na chipu, volti huporomoka na kadi hujizima na kuwaka tena. Mwenye laptopu hulaumu ruta bure.

Antena ya gigahazi 2.4 ina robo ya wimbi ya takriban milimita 31, na haifai kufunikwa na bati la mwanya. Sehemu yake ichomoze nje, na chini yake kusiwe na shaba. Kadi fupi isiyoonekana kabisa ikishaingia hupendeza macho, lakini ni mbovu kazini.

Jaribio la Makongeni si la maabara. Simu hugeuzwa hotspoti, ikiwekwa kwenye gigahazi 2.4, maana ikiwa kwenye 5 kadi ya namna hii haitaiona hata ikiwa imetengenezwa vyema. Kisha faili kubwa hupakuliwa usiku, majirani wote wakiwa nyumbani na ruta zao zikigombania masafa yale yale. Chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Kasi ya juu haitarajiwi, kwani mwanya wenyewe ni mwembamba. Kinachotafutwa ni mwendo usiokatika. Baada ya saa moja kadi huchomolewa na kushikwa. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikichoma vidole, umeme unapotea njiani. Kisha kadi hurudishwa mwanyani bila kuizima laptopu, na Windows 95 iitambue kwa jina lake papo hapo, isiiite kifaa kisichojulikana.