Nafasi ya Tatu ya Swichi

Ndege ya mfano iliyoanguka Morotonga haikuangushwa na risiva ya bei nafuu, wala na jairo ya bei nafuu, wala na upepo wa ziwani. Iliangushwa na kidole gumba kilichoisukuma swichi ya jairo hadi nafasi ya tatu ilhali ndege imekwisha kuingia katika kona ya mwisho ya kutua, na kila aliyekuwepo uwanjani Morotonga, au aliyeziona baadaye picha za simu zilizozunguka Mugumu nzima, ataliona jambo hilo bayana kama akikubali kuutazama mkono wa rubani kabla ya kuitazama ndege. Nalitamka mapema kwa sababu tangu siku ile sijasikia barazani ila lawama juu ya vifaa, na muradi wa lawama hizo, watu wakitaka wasitake, ni kuwafukuza vijana wetu katika mchezo huu kwa hoja kwamba asiye na fedha za kununulia vifaa vya majina makubwa asiruke.

Tuirejee kona yenyewe. Ndege ya povu, ya kujifunzia, yenye bawa la juu, inarudi sambamba na uwanja ikiwa na mwendo wa kutosha, jairo, kifaa kinachohisi mzunguko wa ndege na kuzisukuma sevo, ikiwa katika nafasi ya pili, yaani kutuliza tu, na upepo wa alasiri unavuma kutoka magharibi ukiukata uwanja kwa ubavu. Kijana anapunguza gesi, anaingia kona, pua ya ndege imeinuka kidogo kama inavyoinuka pua ya ndege yoyote inayopungukiwa na mwendo huku rubani akivuta kijiti; bawa linayumba mara moja, naye kwa hofu ya kuyumba huko anaisukuma swichi hadi nafasi ya tatu, ya kufunga. Sasa, kufunga, kama mjuavyo, si kutuliza kulikozidishwa. Katika kutuliza jairo hupinga mzunguko, na mzunguko ukikoma kazi yake imekwisha. Katika kufunga huukumbuka mkao wa ndege, hujumlisha kila tofauti kati ya mkao huo na hali iliyopo, na huendelea kuzisukuma sevo mpaka mkao urudi, hata ikibidi kuzifikisha ukomo wa mwendo wake. Na mkao uliokumbukwa pale ulikuwa ni ule wa pua juu.

Yaliyofuata hayakuchukua muda hata wa kuvuta pumzi mbili. Mwendo ulipopungua, pua ya ndege ile, iliyosawazishwa vizuri, ilitaka kushuka yenyewe ili ijipatie mwendo mpya, na jairo ikakataa: ikakiinua kibawa cha mkia kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena, hata mtu akiisimamisha picha mahali hapo atakiona kibawa kile kimekaribia mwisho wa mwendo wake ilhali kijiti cha rubani kiko katikati. Ndipo ukaja mpigo wa upepo ukaliinamisha bawa la kushoto. Jairo, kwa utiifu ule ule, ikakiteremsha kibawa cha ncha ya bawa hilo ili iliinue, na kuteremsha kibawa ni kuliongezea bawa pembe yake dhidi ya hewa. Basi bawa lililokuwa limebakiza kiasi kidogo tu cha uwezo likaongezewa mzigo wa mwisho, hewa ikaachana na mgongo wake, na ndege ikapinduka kushoto na kwenda chini kwa pua. Kijana alipiga ukelele, "Mzee, haisikii!" akimwambia aliyesimama nyuma yake. Ilikuwa ikisikia. Ila katika hali ya kufunga kijiti hakiamrishi tena pembe ya kibawa, bali kasi ya kuzunguka, na yule anayekisukuma kijiti mbele kidogo kwa adabu, kama tulivyofundishwa sote, huwa anaomba mzunguko mdogo wa polepole wakati anapohitaji kuokolewa papo hapo. Angerudisha swichi nafasi ya kwanza, ya jairo kuzimwa, akasukuma kijiti mbele kwa nguvu, akafungua gesi yote na kuzunguka upya, kimo alichokuwa nacho kilimtosha. Hakufanya hata moja, kwa kuwa aliamini kwamba nafasi ya tatu ndiyo ya kimbilio.

Imani hiyo ndiyo ninayoipiga vita kila nipatapo nafasi, maana asili yake ni kuchanganya dawa za wagonjwa wawili. Hali ya kufunga ilizaliwa katika helikopta za mfano, katika miaka ya 1990, na jina la Colin Mill wa Uingereza halitengani na habari hiyo. Mkia wa helikopta una rafadha yake ndogo, inayozunguka daima na kujitengenezea upepo wake, hata helikopta ikisimama tuli hewani. Jairo ikidai nguvu mkiani, nguvu ipo. Kibawa cha ndege hakina hazina hiyo. Nguvu yake yote hukopwa katika mwendo, na mwendo ukiisha, kadiri jairo inavyozidi kudai ndivyo inavyozidi kuharibu. Kwa hiyo kufunga kuna mahali pake kwa ndege ya michezo yenye mota kubwa inayoning'inia kwa rafadha; katika mstari wa kutua, kwa ndege ya mwanafunzi, hakuna mahali.

Fauka ya hayo, sisi wa huku hatuna haki ya kuyasoma maelekezo ya karatasini kana kwamba tunaruka Tanga. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Morotonga iko juu kuliko ziwa. Hewa yetu ni nyepesi, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili ibebwe na bawa lile lile. Mwenye kuingia kutua polepole kama wanavyoingia watu wa pwani amekwisha kuikopa akiba yake kabla ya kuigusa swichi yoyote.

Kazi nyingine ya kijana yule ilikuwa safi: antena mbili zimepishana kwa pembe mraba, kinga ya kukatika mawimbi imewekwa gesi sifuri, betri imejaa.

Na risiva hiyo iliyotukanwa, je? Ilikuwa ya chaneli sita, ya aina ya zile FlySky FS-iA6B zinazopatikana kwa bei ambayo fundi wa baiskeli aweza kuiweka akiba, na katika mruko ule haikupoteza mawimbi hata kidogo. Kinachotazamwa katika risiva nafuu ni mambo machache, nayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ziwepo antena mbili, kwa sababu ndege ikigeuka, betri au mota huikinga moja, na nyingine hubaki ikiona. Ncha isiyovikwa waya, yenye takriban milimita 31, ambayo ni robo ya wimbi la gigahezi 2.4, isikunjwe wala isibanwe juu ya betri. Ikubali kinga ya kukatika mawimbi iliyowekwa na mwenyewe, isiwe ile inayoshikilia amri ya mwisho, kwani ndege iliyopoteza mawimbi gesi ikiwa wazi itakwenda hadi Ikoma. Kisha umeme: sevo nne za bei nafuu zikivuta kwa pamoja huishusha volti, risiva huzimika na kuwaka upya, na mwenye ndege huapa kwamba mawimbi yalikatika. Mara ngapi nimeona risiva njema ikitupwa kwa dhambi ya kidhibiti umeme kidogo!

Ghaidhi yangu ya zamani ni juu ya watengenezaji wanaobadili lugha ya mawimbi yao na kuwaacha wanunuzi jangwani. FrSky walipotoa toleo la pili la ACCST, lugha yao ya mawimbi, mwishoni mwa 2019, kwa ajili ya kuondoa kasoro iliyoweza kuzitikisa sevo bila ya amri, walifanya haki kuiondoa kasoro. Lakini risiva za toleo la kwanza hazikuelewana tena na rimoti za toleo la pili, na mwenye risiva kumi alilazimika kuziandika zote upya moja moja. Ndiyo maana naipendelea ExpressLRS, ambayo programu yake iko wazi kwa watu wote na risiva zake hutengenezwa na viwanda vingi. Kiwanda kimoja kikifunga mlango, ndege zangu hazibaki yatima. Wala sizipendi risiva zenye jairo ndani ya boksi moja. Jairo yataka kukaa karibu na kitovu cha uzito, imenyooka na mhimili wa ndege, mbali na mtikisiko. Antena zataka kukaa mbali na vyuma na nyaya. Ukiviweka pamoja, kimoja lazima kidhulumiwe.

Wapo watakaoniuliza kama basi naikataa jairo. Siikatai, na waliotutangulia hawakuikataa. Walijua tu ukomo wa kazi yake. Lawrence Sperry aliinua mikono yake juu mbele ya watu wa Paris mwezi Juni 1914, fundi wake Emil Cachin akitembea juu ya bawa, na ndege ikaenda imenyooka kwa jairo. Michael Grzimek, aliyeruka chini chini na polepole juu ya Serengeti hii hii kuhesabu wanyama, akitua majanini na Dornier yake yenye milia, hakuwa na kifaa cha kumshikia bawa. Aliyemwangusha tarehe 10 Januari 1959 alikuwa tai. Na Maynard Hill, mzee ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzimika kabisa, mwaka 2003 aliirusha ndege ya mfano ya TAM-5, isiyofika kilo 5 pamoja na mafuta yake, kutoka Newfoundland hadi Ireland, saa 38 na dakika 52 juu ya bahari. Mtambo uliiongoza juu ya Atlantiki. Ufukweni Ireland, Dave Brown aliichukua kwa rimoti akaitua kwa mkono.

Kwa jairo nafuu, basi, nataka ile ambayo ukali wake hurekebishwa kwa chaneli kutoka kwenye rimoti, ili rubani aupunguze akiwa hewani anapoona bawa linatetemeka kwa mwendo wa kasi. Iwashwe ndege ikiwa imetulia chini, na isiwashwe alfajiri ya baridi ikarushwa jua likiwa limeichoma, kwa maana sifuri yake huhama na joto. Kabla ya kila mruko, ndege iinamishwe bawa la kulia kwa mkono: kibawa cha kulia kishuke. Kikipanda, ndege irudi mezani. Ile ya Morotonga mkia wake ni mzima na bawa lake laweza kugundishwa. Risiva na jairo vibaki vile vile, na katika nafasi ya tatu ya swichi pawekwe jairo kuzimwa.