Chuma cha Galaksi

Ukisimama Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hutegemei kukipata kiini kizima cha atomi ya chuma kilichotoka nje ya mfumo wa Jua. Karibu na ikweta usumaku wa dunia huipinda miale ya kosmiki, yaani viini kama hicho, na kuirudisha ile isiyo na nguvu nyingi. Inayopenya hugonga hewa ikavunjika, na ufukweni huja vipande tu. Anayevitaka viini vizima sharti apande juu, na ni afadhali awe karibu na ncha ya dunia.

Njia moja ya kupanda ni puto, linalofuata pepo. Anga la Afrika Mashariki lilipimwa kwa maputo zamani: mwaka 1908 mtafiti wa anga Arthur Berson, akirusha vipimo kutoka Ziwa Viktoria, alikuta juu sana pepo zitokazo magharibi. Pepo za juu za Antaktika nazo, wakati wa kiangazi cha huko, hulizunguka bara. Hizo ndizo zilizolibeba puto lenye SuperTIGER, chombo cha kupima miale ya kosmiki, kwa siku 55 kuanzia Desemba 2012, kwenye kimo cha kilomita 38 hivi.

Kazi ya chombo hicho ni kuhesabu protoni za kiini kinachopita mara moja tu, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kikipenya bamba la plastiki maalumu huacha mmweko, na mmweko hukua takriban kwa mraba wa idadi ya protoni. Zinki ina 30, galiamu 31: yaani 900 kwa 961. Tofauti haifiki asilimia 7! Na mwanga hubadilika pia kulingana na kasi ya kiini, mshazari wa njia yake, hata sehemu ya bamba iliyopitiwa. Basi mafundi wakatandaza nyuzi za kuonyesha njia, wakaweka akriliki na aerojeli za kupima kasi. Kisha, na hapa ndipo ninapowastahi zaidi, wakavitumia viini vya chuma, vilivyo vingi na vyenye protoni 26, kuchora ramani ya kila bamba: wapi hung'aa, wapi hufifia. Ndipo galiamu, iliyo adimu, ikatengana na zinki.

Matokeo ya SuperTIGER ya 2016 yalionyesha kwamba kama asilimia 19 ya malighafi ya miale ya kosmiki hutoka kwenye nyota kubwa, na kwamba elementi zinazoganda katika vumbi la angani huchapuzwa kwa wepesi wa takriban mara 4 ya zile za gesi. Kabla ya kuandika hayo, walikokotoa pia viini vilivyovunjika katika hewa kidogo iliyobaki juu ya puto.