Mwili katika Jiwe: Suala la Kuhakiki Sanamu ya Mwenzi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika mafungu mawili, yaani fani na maudhui. Utaratibu huo umefaa katika riwaya na tamthilia. Lakini ukipelekwa katika uchongaji, hasa uchongaji wa mwili wa binadamu, huacha jambo moja la msingi bila kuguswa, nalo ni malighafi yenyewe.

Na tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari huko Mosocho, karibu na mji wa Kisii, anayetakiwa kutoa maoni juu ya sanamu ya mtu aliyoichonga mwenzake wa darasani. Neno litakalomjia kwanza ni kwamba sanamu "haikufanana" na mtu: shingo ni nene, mikono imegandamana na kiwiliwili, vidole havikutenganishwa. Kwa mwenye kusema, huo ni upungufu wa ufundi. Kumbe huenda anayataja yale ambayo mchongaji aliyafikia kwa kulitii jiwe.

Jiwe la sabuni, lichimbwalo Tabaka katika nchi hiyo hiyo ya Wagusii, ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji. Ulaini huo una gharama yake: kiungo chembamba kilichonyooshwa mbali na mwili huvunjika upesi. Kwa hiyo sanamu nyingi za Tabaka huukusanya mwili mahali pamoja: mtu ameketi, magoti ameyakunja, kichwa kimeinamia mikono, au jamaa wameshikana hata mabega yao yakawa duara moja. Umbo limezaliwa na jiwe, na maana ya utulivu na umoja imezaliwa na umbo. Hapo fani na maudhui havitenganiki.

Malighafi nyingine huzaa miili mingine. Mpingo, kwa ugumu wake, humruhusu Mmakonde kuvipinda viungo na kuacha uwazi kati yake. Naye Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere, aliunda kwa saruji Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962: mama anamwinua mtoto, na mtoto ananyoosha mikono juu. Mkao kama huo ungekuwa wa hatari katika jiwe la sabuni.

Hata hivyo, jiwe lisifanywe kisingizio. Soko la watalii limeyafanya maumbo kadhaa yarudiwe mno, na mwanafunzi aweza kuuiga mkao wa kuinama bila kuwa na la kusema. Hapana budi basi mhakiki aizunguke sanamu na kuuliza: uzito wa mwili umekaa wapi? Mgongo unasema lile lisemwalo na uso, au umeachwa mtupu kwa kuwa hautazamwi? Unene wa shingo unabeba kitu, au umebaki tu?

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, walisema wahenga. Mchongaji amekwisha kukizoea, ndiyo maana jicho la mwenzake linahitajika. Lakini jicho hilo likikosa maneno litaishia kwenye kufanana na kutofanana, na kijana aliyelielewa jiwe lake vyema ataambiwa kwamba hajui kuchonga. Istilahi za mkao, uzito, uwazi na mgusio zinastahili kufafanuliwa na walimu wa Kiswahili kwa bidii ile ile iliyotumika katika vina na mizani.