Sol Fest Nilivyoisikia Kutoka Kawangware

Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2023, Sauti Sol walipokuwa Uhuru Gardens wakiaga mji wao, mimi nilikuwa Kawangware nafua nguo. Tiketi ningenunua, kwa kujinyima kidogo. Sikutaka. Nilikuwa nimewanunia tangu 2014, na kinyongo cha miaka tisa hakiishi eti kwa sababu mtu ametangaza anaondoka.

Kwa hivyo hii si ripoti ya shoo. Nani aliimba nini na saa ngapi, waulize waliokuwepo. Mimi nataka kuwaongelea mashabiki, kwa sababu wiki hiyo nzima ni wao niliowasikia kuliko bendi yenyewe.

Wa kwanza ni binamu yangu. Anaishi Kilimani siku hizi, lakini Jumapili huja Riruta kula kwa mamake, yaani shangazi yangu. Jumapili hiyo alikuja bila sauti. Alinong'ona kama mgonjwa.

"Nililia, aki. Nililia mbaya."

"Wimbo gani?"

"Sijui. Zote."

Akanipa simu niangalie video alizorekodi. Zilikuwa nyingi, na katika kila moja nilimsikia yeye. Bien, Savara, Chimano na Polycarp walikuwa vidoti vinne vya mwanga mbali huko, halafu juu yao kuna sauti ya binamu yangu akiimba nusu toni nje, na ya rafiki yake akipiga nduru. Nikamwambia hii si video ya Sauti Sol, hii ni video yako. Akasema, "Si ndio." Hakuona kama nimemkosoa, na nikifikiria vizuri, labda sikuwa nimemkosoa. Bendi ilianza 2005. Yeye aliijua akiwa shule ya upili, akaenda nayo chuo, ikamkuta kazini. Watu wazima wengi hawana kitu kingine kilichotembea nao mwendo huo wote isipokuwa wazazi na madeni.

Wa pili ni kinyozi wangu, pale karibu na steji ya 46. Huyu ni mtu wa msimamo. Nilipoingia Jumatatu jioni redio ilikuwa inaongelea shoo, naye alikuwa anabishana na redio.

"Kuaga nani? Hao walishatuaga 2014. Hii ni ya kuaga wenye walibaki."

Nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba maneno hayo ni yangu pia. Nimewahi kuyaandika karibu hivyo hivyo. Hoja yetu ilikuwa hii: vijana watatu wa Upper Hill School na mpiga gitaa waliyekutana naye Alliance Française walitupa albamu ya Mwanzo mwaka 2008, na ndani yake Blue Uniform, wimbo kuhusu kijana na polisi. Kinyozi aliubeba kwenye memori kadi. Alikuwa anafunga duka usiku, anatembea kwenda nyumbani, na kila mtu wa Kawangware anajua matembezi hayo yanaweza kuisha vipi karao wakitokea. Wimbo ulimkuta barabarani. Halafu ikaja 2014: Nishike na video yake ya vifua wazi iliyozua kelele nchi nzima, Sura Yako na densi yake ya lipala, tuzo ya MTV Ulaya. Tukasema wamejiuza. Wametoka kwa karao wameingia kwa viuno.

Nitakiri kitu hapa. Harusi ya dadangu ilikuwa Waithaka, na Sura Yako ilipopigwa, kinyozi ndiye alikuwa wa kwanza kushuka lipala, tena mpaka chini. Nilimkumbusha Jumatatu. Akasema harusi ni harusi.

Lakini maneno yake yalinisumbua, kwa hivyo wiki hiyo nilifanya kile ambacho ningefaa kufanya kabla ya kuandika lolote kuwahusu: nilisikiliza albamu zote kwa mpangilio, kutoka Mwanzo hadi Midnight Train ya 2020, usiku, kwa spika za masikio. Kesi yetu ilianza kupasuka kwenye albamu ya kwanza. Lazizi iko humo humo na Blue Uniform. Mapenzi hayakuja baadaye na pesa. Yalikuwepo tangu mwanzo, kwa gitaa lile lile na sauti zile zile zinazopandana kama watu wanaojua nani atavuta pumzi lini. Sisi ndio tuliokata albamu vipande viwili, tukaweka kimoja mfukoni na kusahau kingine. Live and Die in Afrika ya 2015, ile waliyoiweka mtandaoni watu wapakue bure kwa muda, ina Sura Yako, sawa, lakini pia ina Kuliko Jana, ambayo ni sala. Na 2018 wakamwita Nyashinski wakatoa Tujiangalie, wimbo unaoisema nchi hii waziwazi kuliko wahariri wengi. Mwaka huo huo, kwa bahati tu, serikali ilizindua sare mpya za polisi: buluu, juu hadi chini. Blue Uniform ilikuwa inapata rangi mpya, na sisi tulikuwa tunasema hawana la kusema.

Basi kinyozi amekosea? Kwa orodha ya nyimbo, amekosea kabisa. Ila sidhani ni orodha inayomuuma. Sikiliza Blue Uniform kisha Tujiangalie, uangalie anayeongea amesimama wapi. Katika ya kwanza anayeongea yuko barabarani, kwa miguu, na anayemsimamisha ana bunduki. Katika ya pili anayeongea anaiangalia nchi nzima kwa wakati mmoja, na ili uione nchi nzima lazima uwe umepanda mahali pa juu kidogo. Ni wimbo mzuri, na hata umepangwa vizuri kuliko ule wa zamani, ambao kimuziki bado ni wa vijana wanaojaribu. Lakini kijana aliyekuwa akitembea hayumo tena. Kinyozi bado anatembea. Anachowanunia ni hicho, na hicho si kosa la muziki. Kwa jina lake halisi ni kufanikiwa. Mimi niliyekuwa nikiandika "wamejiuza" sijui nilitaka nini hasa: wabaki wakisimamishwa na polisi usiku ili mimi niwe na nyimbo za kweli?

Tabia hii ya kuwamiliki hatukuianza kwenye Sol Fest. Mei 2022, Azimio ilipopiga Extravaganza siku ya kumtambulisha mgombea mwenza, Sauti Sol walitoa taarifa wakisema hawakuombwa ruhusa. Nilitarajia mashabiki wasimame nao. Wengine walisimama. Wengi niliowasikia mimi, kwenye mathree na kwenye base, walikasirika: si mmepewa heshima, nyamazeni. Ilikuwa kana kwamba wimbo ukishachezwa mtaani mara za kutosha unakuwa kama benchi la steji, mtu yeyote anakaa. Binamu yangu anayeimba juu ya sauti zao na kinyozi anayewanyima ruhusa ya kubadilika wanaonekana mbalimbali, lakini wote wawili wamekalia benchi hilo. Nami nilikuwa katikati yao.

Kuhusu kuaga kwenyewe sina mengi. Walisema Mei kwamba wanapumzika kwa muda usiojulikana baada ya ziara yao ya mwisho, kisha wakaja kufunga nyumbani. Kwaheri ya wanamuziki ni kama "niko njiani" ya Nairobi, haimaanishi umeondoka wala umefika. Bien alitoa albamu yake mwenyewe mwezi huo huo.

Nilirudi kwa kinyozi Ijumaa na hoja zangu zote. Alinisikiliza akimnyoa kijana wa kama miaka kumi na sita, aliyekuwa kidevu kifuani na simu mkononi. Nilipofika kwa Tujiangalie akaniinulia mashine nyamaze, akatoa simu yake, akaiunganisha na spika. Ikaanza Blue Uniform. Wanaume wawili kwenye benchi wakaanza kuimba bila kuangaliana. Mimi pia. Hatukuwa tumekosa neno hata moja, na hata sisi tulikuwa juu ya sauti zao kiasi cha kuzifunika.

Kijana akainua kichwa. "Hawa ni akina nani?"

"Sauti Sol," kinyozi akasema.

"Wale wa Sura Yako?"

Kinyozi akamrudisha kichwa chini polepole kwa kidole. "Tulia nikutoe hii laini," akasema, na wimbo ukaendelea.