Kilele cha Tatu

Hapa Nyeri mlima huonekana asubuhi mapema, kisha mawingu huufunika na watu wakaendelea na kazi zao. Pengine ndiyo maana nilichelewa sana kusoma *No Picnic on Mount Kenya* cha Felice Benuzzi. Mzungu anapanda mlima ninaouona nikingoja matatu ya Kiganjo, ataniambia nini kipya? Nilidhani nakijua kitabu kabla ya kukifungua. Nilikosea, ingawa si kwa yote.

Kisa chenyewe si kigeni kwa watu wa huku. Benuzzi alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Italia kule Ethiopia. Waingereza walimkamata 1941, akaishia Kambi ya 354, Nanyuki. Januari 1943 yeye, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka, wakapanda mlima, halafu, baada ya zaidi ya wiki mbili, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za seli. Mkuu wa kambi alipendezwa na ujasiri wao, wakatumikia 7 tu.

Wanaokisifu kitabu hiki hukigeuza mahubiri: fuata ndoto yako, utafika. Hapo ndipo tunapokosana. Hawa jamaa hawakufika! Walitaka Batian, mita 5,199. Theluji ikawarudisha. Chakula kikiwa kimekaribia kuisha wakaenda Lenana, mita 4,985, kilele cha tatu kwa urefu, kile ambacho leo mtu hupanda bila kamba akiwa na mwongozaji na chai kwenye thamosi. Bendera yao waliisimika hapo. Benuzzi hajaribu kuifanya Lenana iwe Batian, na ndiyo heshima kubwa ninayompa.

Sehemu bora ya kitabu, kwangu, ni kabla hata hawajavuka uzio. Ramani hawana, wana picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Shoka za barafu zinatokana na nyundo. Kamba ni katani iliyofumuliwa kwenye vitanda vya kambi. Ufunguo wa geti la shamba la mboga unachongwa kwa kuibia umbo la ule halisi. Chakula kinawekwa kidogo kidogo, miezi na miezi. Kila kifaa kina kasoro, nao wanajua, wanatengeneza tu. Kurasa hizi nilizisoma mara mbili. Zile za kupanda miamba, kusema kweli, zinachosha. Baada ya ufa wa tatu niliacha kuhesabu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kabla ya kuacha nilikaa karibu mwaka mzima nikingoja siku nzuri ya kuacha: karo iishe kulipwa, kazi ipatikane kwanza, baba awe kwenye mudi. Siku hiyo haikuja. Niliondoka Jumanne moja ya mvua na begi lililochanika zipu. Kwa hivyo naelewa mtu anayeondoka na ramani ya mkebe wa nyama. Lakini pia najua nilikuwa na kwetu pa kurudi, na ugali ulikuwepo.

Na hapa ndipo kitabu kinanishinda. Benuzzi alikiandika kwanza kwa Kiitaliano, kikatoka 1947; cha Kiingereza kikatoka 1952. Mwaka huo huo, Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na msitu ule ule aliopitia ukawa wa vita. Kaka mkubwa wa cucu aliingia humo na hakurudi. Hakuna mkuu wa kambi aliyempunguzia siku. Simlaumu Benuzzi kwa yaliyokuja baada yake, hilo lingekuwa uonevu. Ila msitu wake hauna wenyewe. Kuna vifaru, kuna chui, kuna mianzi, na watu weusi ni hatari ya kuonwa wakati wa kupita mashambani, basi. Jina Kirinyaga na watu wanaoliomba Mungu kwa kuutazama mlima huo hawana nafasi. Uhuru wa kuchagua vibaya na kusamehewa ulikuwa wa watu fulani, na yeye hakuutambua hata alipokuwa ameushika mkononi.

Bado nakipendekeza. Kisomwe kwa ajili ya nyundo na katani, na kwa ajili ya Barsotti. Huyu hakuwa mpandaji, aliugua njiani, akabaki chini kwenye hema siku ile wenzake walipoelekea juu. Aliacha kambi, alibeba mizigo, alilala baridi, na hata hicho kilele cha tatu hakukikanyaga. Benuzzi anampa kurasa chache mno. Ningependa kujua alikuwa akiwaza nini pale peke yake, akihesabu biskuti zilizobaki.