"Akili ya Kijamii" Katika Kazi ya Utalii: Istilahi Isiyobeba Maana Yake

Katika maandishi yahusuyo uongozi wa wafanyakazi wa mahoteli na makampuni ya kutembeza watalii, husemwa kwamba "akili ya kijamii huongeza ufanisi wa mfanyakazi". Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina kasoro mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitazama.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "kijamii". Huduma za kijamii ni huduma za jamii nzima, na matatizo ya kijamii ni ya watu wengi kwa pamoja. Kwa hiyo msomaji wa "akili ya kijamii" hufikiri akili ya umma, si ya mtu mmoja. Dhana yenyewe ni kinyume cha hayo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alipoieleza mwaka 1920, aliitenga na akili ya kushughulikia mawazo na ile ya kushughulikia vitu na mitambo. Alikusudia uwezo wa mtu kuwaelewa wenzake na kutenda kwa busara baina yao. Kuelewa na kutenda, yote mawili ni ya lazima.

Kwa kuwa istilahi haielezi jambo, wasomaji hujijazia maana, na wepesi wao ni kujazia "uchangamfu". Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Tumchukue kiongozi wa wapanda mlima Kilimanjaro. Mgeni anaumwa kichwa na kuyumba, lakini anaficha kwa kuona haya, maana safari ya kilele cha mita 5,895 ameilipia fedha nyingi. Kiongozi mwenye akili tunayoizungumzia huusoma uso huo, humwuliza faraghani, kisha humwambia kwamba lazima ateremke. Mgeni atanuna, lakini atakuwa hai. Fomu ya kupima kazi ikiuliza habari za uchangamfu tu, kiongozi huyu atapata alama chache kuliko mwenziwe aliyecheka na kuendelea kupanda.

Kasoro ya pili ni "ufanisi". Neno hili tayari lina maana ya kufanikiwa. "Ufanisi mbaya" ni maneno yanayopingana. Kinachopimwa kazini ni "utendaji", ambao waweza kuwa mzuri au mbaya.

Je, tuseme nini badala ya "akili ya kijamii"? "Werevu" huelekea ujanja. "Mahusiano" siku hizi huvutwa upande wa mapenzi. "Uelewa wa watu" ni maneno safi, ila huishia nusu ya njia, kwani hayataji kutenda. Lakini wasemaji wa Kiswahili husema kwamba fulani "anajua kuishi na watu", wala hawamaanishi kwamba anacheka sana. Basi yafaa tuseme "akili ya kuishi na watu". Atakayelalamikia urefu na akumbuke kwamba "hali ya hewa" nayo ni maneno matatu, na hakuna aliyechoka kuyatamka.

Sentensi yetu iwe hivi: "Akili ya kuishi na watu huathiri utendaji wa mfanyakazi wa utalii." Walimu waijaribu darasani. Watungao fomu nao waorodheshe chini yake matendo yanayopimwa, ili mtu asinyimwe cheo kwa neno ambalo hata mpimaji wake hajui maana yake.