Nywele za Mguu wa Ostrakoda

Dagaa wa Kigoma wanaoshushwa kwa magunia stesheni ya Tabora wamenenepa kwa chakula ambacho mlaji hakioni: kopepodi, ndugu wa kamba na kaa, ambao wengi wao hawafiki milimita mbili. Mmoja wao, Tropodiaptomus simplex, alielezwa mwaka 1909 na Georg Ossian Sars, Mnorwe aliyekuwa amevuka miaka 70. Sampuli zilikusanywa na Mwingereza W. A. Cunnington aliyefanya kazi katika Ziwa Tanganyika mwaka 1904 na 1905.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipopita Kaze, Tabora ya leo, na kufika Ujiji Februari 1858, Speke aliokota makoa ya konokono. Koa huvumilia safari ndefu kichwani mwa mpagazi. Vidudu kama kopepodi havivumilii. Vinataka chupa, spiriti na wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua.

Kwangu mimi, ufundi wenyewe wa kutambua spishi uko kwa ostrakoda, mnyama anayeishi ndani ya magamba mawili, mdogo kama punje ya ulezi au chini yake. Tanganyika ina spishi zake nyingi zisizopatikana penginepo. Fundi humweka katika tone la gliserini chini ya hadubini, akashika sindano mbili. Kwanza hufungua magamba na kuyahifadhi makavu. Kisha huchomoa miguu mmoja mmoja, akailaza kwenye kioo chembamba, akahesabu nywele zake. Kiungo cha uzazi cha dume hutazamwa kwa makini kuliko vyote, maana mara nyingi ndicho kinachotenganisha spishi mbili zenye magamba yanayofanana. Ukipiga chafya hapo, na dume alikuwa huyo mmoja tu, basi.

Kwa nini asiangalie gamba peke yake? Kwa sababu gamba hudanganya. Ostrakoda wengi hujivua mara nane kabla ya kukomaa, na magamba ya utotoni hayana umbo la mzazi. Mwenye haraka anaweza kumpa mtoto jina la spishi mpya. Ndiyo maana fundi hodari hukubali kuandika jenasi tu, mahali pa spishi akapaacha wazi, hata kama amekesha.

Kazi hii ina matunda yanayoshikika. Watafiti waliolinganisha pwani za kaskazini mwa ziwa waliona kwamba palipojaa udongo uliomomonyoka kutoka milima iliyofyekwa, spishi za ostrakoda zilikuwa chache. Bila watu wa kuhesabu nywele, hesabu hiyo isingekuwapo. Tope lote lingeonekana sawa. Magamba yaliyozikwa katika mashapo nayo huwasaidia wanajiolojia kujua ziwa lilipokuwa na kina kidogo au kikubwa.

Orodha yenyewe ya spishi haijafungwa. Katika miaka ya 1990 Wabelgiji Karel Wouters na Koen Martens walilirudia kundi la ostrakoda wa jenasi Cyprideis la Tanganyika, wakatazama upya magamba na viungo, wakaeleza spishi ambazo waliotangulia hawakuzitenganisha.